Kengele Iliyoita Waombolezaji Harusini

Tata,

Nimeolewa, baba yangu! Wiki tatu sasa, na bado nikiiona pete kidoleni nacheka peke yangu jikoni. Mume wangu ni Otieno, fundi wa umeme kutoka upande wa ziwa. Alikuwa amehamia Kisii siku chache tu kabla hatujakuzika, akaja kutusaidia kubeba viti, akanyeshewa hadi mifupani. Ungempenda, Tata. Akiniita "mpenzi" mbele ya watu, masikio yananiwaka, na sitaki aache.

Lakini nataka kukuambia habari za kanisa lako. Tangu siku ya mazishi yako hakuna aliyegusa kengele uliyoipiga maisha yako yote. Lile jengo la mawe alimobatizwa babu yako sasa limebanwa na maghorofa ya maduka kila upande. Wazee wa kanisa wakataka libomolewe, yajengwe maduka mengine, sisi tusali kwenye ukumbi mpya.

"Nani bado analitaka hili?" mwenyekiti aliuliza.

Nikasimama. Nikasema mimi, nataka kuolewa humo. Wakakubali, ila iwe harusi ya mwisho. Nililia... Ni humo ulimonifundisha kushika kamba ya kengele, ukaniambia, "Ivute kama unamsalimu mtu unayempenda."

Otieno hakuvumilia machozi yangu. Asubuhi ya harusi, mimi nikivalishwa shela kwa shangazi, alipanda mnarani akapiga kengele mwenyewe, iwe zawadi yangu. Maskini mpenzi wangu! Alikuwa ameisikia siku moja tu, siku tuliyokuzika wewe. Basi akapiga vivyo hivyo, mlio wa msiba: pigo moja, kimya kirefu, pigo lingine.

Kina mama wa soko la Daraja Mbili wakaacha ndizi zao, wakajifunga leso viunoni, wakaja wakilia. Yule Mhindi wa duka la vitambaa, aliyezoea kukusalimu kwa lugha yetu, Ekegusii, akafunga duka kwa heshima. Nilipofika na gauni langu jeupe nikakuta umati mlangoni. Mama mmoja akanikagua toka kichwani hadi miguuni.

"Wewe mtoto, nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Ninaolewa."

Otieno hakujua aweke wapi uso wake. Mama akaangua kicheko. "Haya, machozi tumeshaleta. Tupeni chakula!"

Vilio vikawa vigelegele, Tata! Wakaingia wote. Waliokosa nafasi walichungulia madirishani, na sauti zetu zikashinda honi za barabarani. Nikamtazama Otieno akinivisha pete, nikajua nimepata mtu.

Baada ya ibada mama yule alimfuata mwenyekiti. "Mzee, mimi si wa kanisa hili, lakini kengele hii imetuita mara hii moja tukaja mbio. Ukumbi wenu utamwita nani?"

Mwenyekiti akainua macho kuutazama mnara. Jumapili iliyofuata akatangaza kwamba kanisa litabaki na paa litatengenezwa. Kisha akaniita mbele ya watu wote, akanikabidhi ufunguo wa mnara.

Pumzika vizuri, Tata wangu. Mkwe wako anakusalimu, bado ana aibu. Nakuahidi kwamba maadamu miguu yangu inaweza kupanda ngazi zile, mji huu hautaamka Jumapili bila kengele. Sasa niache niende. Ibada ya kwanza imekaribia, na mume wangu ameshatangulia kunifungulia mlango.

Binti yako,
Kemunto