Ukuta wa Cimpunda Uliokushinda, Papa

Papa wangu,

Nakuandikia nikiwa nyuma ya nyumba yetu hapa Cimpunda, kwenye ukuta unaozuia udongo wa mlima usitushukie. Ndio ule uliokushinda mara mbili. Safari hii umesimama, na nataka uwe wa kwanza kujua sababu.

Unakumbuka siku Nsimire, binti wa jirani anayesomea kuchora nyumba kule Ibanda, alipokukuta unaujenga mara ya pili? Ulikuwa umeuongeza unene, mawe yamefika kiunoni. Akakuambia uache matundu chini. Ulicheka mpaka ukaweka nyundo chini.

"Mutoto, ukuta yenye matundu iko ukuta ao iko chujio?"

"Papa, weye unapigana na udongo. Mwenye anasukuma ni maji. Inabakia nyuma, inakosa njia."

"Basi ntaongeza mawe."

"Hata uongeze mawe ya mutaa muzima wa Kadutu."

Nilikuwa na mimba ya Furaha, nikacheka nikiwa upande wako. Mvua kubwa ya kwanza ikautupa ukuta juu ya kibanda cha kupikia. Ulienda kumuita Nsimire wewe mwenyewe, na sijawahi kukuheshimu kama siku ile.

Akaja na plani safi, mchoro wa karatasi: ukuta una matundu, mtaro uko upande wa kulia. Uliitazama, kisha ukaniomba beseni la maji. Ukapanda juu kabisa ya kiwanja, ukayamwaga, ukayafuata kwa miguu, kama ulivyofanya kila mahali ulipoitwa fundi, kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Yakageuka kushoto, yakaja moja kwa moja mpaka mlango wa chumba changu. Nsimire akainama, akafuta mtaro wake kwenye karatasi, akauchora upande wa kushoto.

"Ku shule hawatufundishaka hivi," akasema.

"Na miye, hakuna mwenye alinifundishaka ya matundu."

Ugonjwa wa kifua ulikuchukua, tukakuzika kabla hamjajenga.

Mwaka huu nikawaita mafundi wenzako, wakaniuliza: "Maman Furaha, shule uliachia ku ya tano, leo unatuletea plani?" Niliwaletea plani, nikawaletea na beseni. Nilikuwa nimekata shauri kwamba mtoto wangu hatalala chini ya ukuta wa kubahatisha. Maji yaliwaonyesha wapi, karatasi ikawaeleza kwa nini. Wakashika kazi.

Watu husema mwenye kuchora hajui udongo, fundi naye hajui karatasi. Mimi niliwaona mkifundishana. Peke yake, Nsimire angetuchimbia mtaro mahali pakavu. Peke yako, papa, ungekuwa bado unaongeza mawe. Sikusoma sana, lakini hili nalijua, na Furaha nitamwambia, akichagua kalamu au nyundo.

Juzi ilinyesha mchana kutwa. Maji yalitoka matunduni, yakashika mtaro wa kushoto, yakaenda zake. Leo asubuhi Furaha amesimama kwa mara ya kwanza, ameushika ukuta, akapiga hatua tatu akiupapasa. Sikukimbia kumtoa.

Pumzika, papa. Huku tumesimama.

Binti yako,
mama ya Furaha