Kwa Dada Kashindye, Habari za Kiuno Changu

Kilosa, juma la tatu baada ya Pasaka

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo.

Nimeliweka neno hilo peke yake ili shemeji Salumu, anayekusomea, anyamaze kidogo hapo uitikie kwanza. Nawe shemeji, salamu nyingi. Natumaini randa yako bado kali na wateja wa Isevya wameacha kukusumbua kwa vitanda vya mkopo.

Desturi ya barua ni kusema mimi mzima, hofu ni kwenu tu. Barua zangu zote za miaka hii zimesema hivyo, hata ile niliyoiandika nikitetemeka homa. Hii haitasema. Nimeugua, dada, na sasa nimepata nafuu, na katika huko kuugua na kupona nimekutana na jambo letu sisi wawili ambalo hatujalitaja tangu baba afe. Nivumilie nianze na ugonjwa.

Masika yalipoanza nilikuwa ofisini kwangu hapa shambani. Unajua kazi yangu: nakaa kwenye kigoda toka asubuhi mpaka jioni, manamba, vibarua wa mkonge, wanapita dirishani mmoja mmoja, nawaandikia kipande cha siku. Kazi ya kivulini. Mara ngapi nimejisifu kwako na kwa shangazi kwamba mimi sitabeba mzigo kama baba, mzigo wangu ni kalamu! Basi siku hiyo niliinama kuokota kalamu hiyohiyo imeanguka, na kiuno kikakatika. Sikuweza kuinuka. Maumivu yalitoka kiunoni, yakapita takoni, yakashuka nyuma ya paja mpaka kisigino cha kushoto, mshipa mzima unawaka. Walinibeba wakatamkonge wawili. Mmoja akauliza, "Karani amebeba nini?" Mwenzake akajibu, "Wino."

Kukaa sikuweza kabisa. Kusimama nilisimama kwa kupinda upande. Nikipiga chafya namwita mama, ambaye yuko kaburini. Nilikwenda kwa dresa wetu wa zahanati ya shamba. Ni Mzaramo, na Wazaramo na sisi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo sikutarajia huruma. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mnyamwezi analia mgongo! Dunia imekwisha. Bwana, mgongo ndio mali yenu, mkiupoteza mtabaki na nini?" Kisha alinipa dawa ya kuchua inayonuka, akasema ni baridi yabisi, nilale chali nisiondoke kitandani. Nikalala. Juma moja, mawili, matatu. Kadiri nilivyolala ndivyo kiuno kilivyokauka, na mguu ukaanza kufa ganzi. Bwana meneja alikuja mlangoni akasema kwa upole kwamba mwezi ukiisha sijarudi mezani atatafuta karani mwingine, na nyumba hii ni ya karani. Sikumlaumu. Lakini nilimfikiria mke wangu na vyombo vyetu vimekaa nje, nikaogopa.

Mtu akilala majuma matatu anatazama paa, na paa halina habari. Mimi nilikwenda nyumbani. Nilikwenda kijijini kwetu kwenye njia ya zamani, upande wa Tura, wakati reli haijaja na sisi bado wadogo. Unakumbuka msafara ulivyokuwa ukirudi kutoka pwani? Kwanza bunduki mbali porini, kisha ngoma, kisha wanawake wanatoka mbio na vigelegele, na mama anakimbia na mwiko mkononi kwa sababu amesahau kuuweka. Baba anaingia amekonda, bega lake la kulia lina sugu ngumu ya kubebea pembe za ndovu, nguo mpya ya Bagamoyo imefungwa kichwani. Anatusalimia wote. Anakunywa maji. Halafu, kabla ya kula, anasema, "Kashindye yuko wapi?"

Nilikuonea wivu, leo naweza kusema. Alikuwa ametembea miezi, na mtu wa kwanza kumtaka ni wewe. Analala kifudifudi kizingitini, nusu ndani nusu nje, nawe ambaye jina lako linamwambia kila mtu kwamba ulitanguliza miguu kuja duniani, na kwetu mguu wa namna hiyo ndio dawa ya kiuno, unakuja na mguu wako wa kushoto na kumkanyaga kiunoni. Taratibu, mara ya kwanza kama unapima tope. Baba anatoa pumzi moja ndefu. Nilikuwa nikikaa karibu kuisikiliza pumzi ile, maana ndipo nilipoamini kwamba kweli amerudi. Baadaye ndipo anakula michembe ya viazi vikavu na karanga na kutusimulia Ugogo na ukame wa Marenga Mkali, na mto Mkondoa ulivyombeba mwenzake mzigo na yote.

Huo mto Mkondoa, dada, unapita hapa ninapoishi. Naamka na milima aliyotuambia. Tangu nifike Kilosa nimekuwa nikikaa juu ya hadithi za baba bila kuzitazama.

Sasa nikueleze nilivyopona. Yuko hapa kambini mama mmoja wa kwetu, mumewe ni mkatamkonge, wanamwita Mama Kulwa kwa sababu amezaa mapacha. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Aliletewa michembe na kaka yake aliyekuja kwa treni, akasikia karani ni Mnyamwezi na ni mgonjwa, akaja na bakuli.

"Mwangaluka," akasema mlangoni.

Sikuwa nimesikia salamu hiyo ya asubuhi ya kwetu miaka. Niliitikia. Akaniuliza kijiji, akaniuliza ukoo, akaniuliza ndugu. Nikamtaja shangazi Nyamizi, nikakutaja wewe. Akaweka bakuli chini.

"Una dada anaitwa Kashindye, na umelala hapa unapakwa mafuta na Mzaramo?"

"Yuko Tabora, mama."

"Treni haipiti Tabora siku hizi? Mwandikie aje."

Nikageuza uso ukutani. Alinitazama sana. Nadhani alielewa kwamba kuna kitu, kwa sababu hakuuliza tena. Alisema tu kwamba mama wa mapacha naye ana mguu, ingawa si kama wa Kashindye, na asiye na dagaa hula mlenda, kwa hiyo kesho asubuhi kabla ya uji nimsubiri kizingitini. Nikamwomba tufanyie ndani, mlango umefungwa. Mimi ni karani, dada, watu wote hupita hapo wakienda kazini. Akasema, "Mgongo wako uko ndani au uko nje? Kizingitini, au tafuta mwingine."

Kesho yake nililala kizingitini bila shati. Manamba wakapita na mapanga yao. Wengine walicheka, wengine walisema pole karani. Yule wa wino alisimama akauliza kama anisaidie kumshika mama asianguke. Kisha kisigino cha Mama Kulwa kikashuka kiunoni, kikatafuta, kikapata, na mimi nikatoa pumzi. Ilikuwa ileile ya baba. Niliisikia ikitoka kifuani mwangu na nikaijua. Nililia, dada. Mama Kulwa alidhani ameniumiza akashuka, nami nikamwambia endelea.

Alinikanyaga asubuhi tatu. Kila siku akanikanda kwa chumvi ya moto ndani ya kitambaa, akanipaka mafuta ya nyonyo, na jioni akanitoa nje kwa maneno makali nitembee. Siku ya kwanza nilifika kisimani, ya pili nikafika kwenye mwembe wa Wahindi, leo nafika mtoni na kurudi. Kumbe mguu huu unataka njia, hautaki kitanda wala kigoda. Nimeomba sanduku la sabuni, nimeliweka juu ya meza ya ofisi na naandika nimesimama kama padri. Hata barua hii. Meneja aliniona, akatikisa kichwa, akaendelea na safari yake. Kazi nimerudishiwa. Dresa anasema ni dawa yake iliyochelewa kufanya kazi. Mama Kulwa anasema ni mguu wake. Nimewashukuru wote wawili, na maumivu yaliyobaki ni madogo, asubuhi tu ninapovaa viatu.

Hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito.

Masika nane yamepita tangu nije likizo baba akiwa mgonjwa. Nilikuwa nimebatizwa mwaka uliotangulia. Nilikuja na mwinjilisti mgeni wetu, na mimi nimevaa viatu vipya na soksi ndefu. Baba alikuwa hawezi kugeuka mkekani. Akasema, "Mwiteni Kashindye." Ulitoka Isevya kwa miguu siku nzima, ukafika na vumbi mpaka magotini, ukaosha miguu uani, ukaja kizingitini. Na mimi nikasimama mbele yako. Shangazi alikuwepo, shemeji alikuwepo, majirani walikuwepo. Nilisema, "Nyumba hii sasa ni ya Wakristo. Ondoa miguu yako ya kichawi." Baba akasema kutoka mkekani, "Stefano, mwache mwanangu apite." Sikukuacha. Ulifunga kanga yako, ukarudi njia uliyoijia. Mvua hazijanyesha baba akafa, na mpaka mwisho alikuwa akiuliza kama umekwisha fika.

Matangani ulipika ukaosha vyombo. Ulinipa maji ya kunawa kwa mikono miwili. Tangu hapo kila barua yangu umeijibu kwa adabu, watoto wazima, mvua ya kutosha, salamu. Nami nilijifanya kuamini kwamba umesahau.

Sasa sikiliza lile ambalo hujui. Miaka yote hii umefikiri nilikufukuza kwa ajili ya dini, na mimi nimekuacha ufikiri hivyo kwa sababu ilinifaa. Siku ile jioni nilimsindikiza mwinjilisti njiani. Tulipofika mbali akaniuliza, "Kwa nini ulimzuia dada yako? Kwetu mama yangu hukanyagwa hivyohivyo akizidiwa na kiuno, kisha anakwenda kanisani." Kwa hiyo hakuna aliyeniagiza, dada. Si mwinjilisti, si kanisa. Niliona haya tu. Niliona miguu yako yenye vumbi, nikaona viatu vyangu, nikaogopa mgeni atajua natoka wapi. Na kulikuwa na nafasi. Ningeweza kurudi kutoka pale njiani nikamtuma mtu Isevya akurudishe. Baba aliishi majuma manne baada ya hapo. Kila asubuhi ya majuma yale manne ningeweza.

Nilipolala kizingitini mwa nyumba ya shamba nikaelewa nilimnyima nini. Si dawa tu. Nilimnyima kuwa amefika nyumbani.

Sikuandikii ili uje unikanyage. Kiuno kina mtu wake sasa, na sina uso wa kukuomba hilo. Naomba radhi. Nilikosa kwako na kwa baba, na wewe hukukosa lolote. Mwezi wa saba napewa likizo. Nikishuka stesheni ya Tabora ningependa kuja kwako Isevya kabla ya kwenda kokote, kama mlango upo. Kama haupo nitaelewa, nitapita moja kwa moja kijijini kufagia kaburi.

Mke wangu anakusalimu sana na anasema unga wa mtama wa huku haunuki kitu. Msalimie shangazi Nyamizi, dada wa baba, ambaye alinionya siku ile kwa macho na sikumtazama. Wasalimie wanao, wapwa zangu wadogo ambao sasa watakuwa wamenipita kimo, na fundi cherehani jirani yenu aliyenishonea suruali ya kwanza.

Mimi mdogo wako,
Stefano

Shemeji Salumu, jambo moja nakuomba kama mwanamume kwa mwanamume. Maneno yale nilimwambia dada mbele za watu, nawe ulikuwa mmoja wao. Si haki radhi yake aisikie peke yake chumbani. Ukimaliza kumsomea, mkusanye shangazi na majirani waliokuwapo, wale walio hai, uisome tena mbele yao toka mwanzo, wala usinifichie aibu. Lakini kabla hujamwita yeyote, muulize yeye kwanza. Akisema isisomwe, ikunje umpe mkononi. Siku ile nilimkatia neno. Leo neno ni lake.