Nywele Ulizotuma Nazirudisha

Saluni ya Gentrix,
Mtaa wa Burumba,
Busia.

21 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Caren,

Habari za Doha na joto lake? Natumaini mgongo umepoa na kwamba yule mama mwenye nyumba amekuachia Ijumaa yako upumzike. Huku sisi ni wazima. Mama anakula, kidogo lakini anakula, na ameanza tena kugombana na kuku asubuhi, kwa hivyo najua anapona. Mahindi yamefika kiunoni.

Barua hii nimempa Winny kwa sababu anarudi huko kazini, na kwa sababu mambo mengine siwezi kuyaweka kwenye kundi la familia kaka Duncan akisoma.

Umeniuliza mara nne kwa nini simu ilikatika siku ya tatu baada ya kumzika Baba, tulipokuwa tunanyolewa. Nilikuambia bando imeisha. Haikuisha. Nilizima mwenyewe. Sasa ni lazima ujue, maana wigi uliyomtumia kaka yetu ndiyo iliyoleta yote.

Sikulaumu kwa kutuma. Duncan anasema pale mpakani Malaba wenye malori hawamwamini ajenti wa forodha wa miaka thelathini na sita mwenye upara. Upuzi, lakini nilimbandikia mwenyewe, mlango wa saluni umefungwa. Nilinyoa juu, nikapangusa mafuta ya ngozi kwa spiriti, nikangoja ikauke. Tepu ya pande mbili kwenye paji la uso. Kwingine gundi ya kichwa, tabaka tatu nyembamba, kila moja dakika tano. Nikamwambia: saa ishirini na nne bila maji wala jasho, na kila wiki ya tatu urudi niitoe, nioshe kichwa, nibandike upya.

Hakurudi. Alikaa na ile kitu wiki tisa. Wiki tisa, Caren! Eti ataonekana akiingia saluni ya wanawake. Ilipoanza kuinuka mbele, asubuhi ya mazishi, unajua alienda wapi? Kwa Omuse, fundi wa tairi za malori. Akapaka solushen, ile ya kuziba pancha, juu ya uchafu wa wiki tisa.

Basi siku ya tatu tuko arobaini na watatu chini ya turubai, Shangazi Selpha na wembe wake. Akamnyoa Mama, akaninyoa mimi. Zamu ya Duncan ikafika, akakataa.

"Kanisa letu haliruhusu."

"Kanisa gani, we Duncan? Lile unaenda Krismasi?"

Watu wakacheka. Yeye akashika kichwa kwa mikono miwili. "Shangazi, nimesema niacheni!"

Kicheko kikaisha. Baba mdogo Ogutu akasimama, akasema polepole ili wote wasikie: "Mtoto anayekataa kunyolewa kwa ajili ya baba yake, huyo anajua kilichomuua."

Wewe unajua mila za nyumbani. Mmoja asiponyolewa, matanga hayafungwi na hakuna anayerudi kwake. Na neno kama hilo likishamshika mtu, watoto wake watalikuta. Nikamtazama Duncan aseme jambo moja tu, "nina upara." Maneno mawili! Akazidi kukaza mikono kichwani. Nikamtazama Mama. Alikuwa anamwangalia mwanawe wa kwanza kama mgeni aliyemkuta ndani ya nyumba yake. Hapo ndipo nilipozima simu.

Nikamvuta mpaka nyuma ya jikoni. Ananiambia, "Sista, usiniaibishe." Aibu! Mtu yuko tayari mama yake amdhanie muuaji, mradi upara usionekane. Hilo ndilo limenikaa kooni mpaka leo, kuliko hata yale niliyoyaona baadaye.

Gundi yangu ina dawa yake, dakika kumi imeachia. Solushen haijui dawa hiyo. Nilitumia nusu lita ya mafuta ya kupikia na saa moja na dakika arobaini, watu wakingoja. Caren, nimeshika vichwa vya watu miaka kumi na minne. Nimeona chawa, nimeona mapunye. Sijawahi kugeuka pembeni nikatapika. Chini ya ile kitu ngozi ilikuwa nyeupe, inateleza, inanuka kama muhogo uliosahaulika kwenye maji. Sehemu mbili, kila moja kama sarafu ya shilingi ishirini, ngozi ilitoka nayo.

Akatoka hivyo mbele ya watu, anang'aa mafuta. Shangazi akanyoa nywele za kando, akizunguka vidonda. Mama akamtazama sana, kisha akasema, "Kumbe ni kichwa cha baba yako tu. Hicho ndicho ulikuwa unatuficha?" Ogutu hakuomba msamaha, lakini aliketi.

Ningemsamehe hapo. Lakini Jumatatu amekuja saluni, vidonda havijakauka: "Sista, ile ingine Caren ameahidi ikifika, utaweka gundi kali kidogo?" Na mke wake Tracy anaeleza soko zima kwamba gundi ya Gentrix imemchoma mumewe. Wateja watatu wamebadilisha saluni. Duncan anasikia, ananyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi anayoiweza.

Kwa hivyo nakuomba, usitume ingine. Ukimhurumia, mtumie kofia. Saluni hii niliianza na kiti kimoja kwenye veranda ya mtu, siwezi kuiacha iharibiwe na kichwa ambacho Mungu mwenyewe alishakimaliza.

Ile ya kwanza nimeiosha mara saba, bado inanuka pancha. Nimeifunga kwa mifuko mitatu, iko chini ya zile dagaa za omena za Port Victoria ulizoagiza. Ukiigusa usipige kelele, si panya. Omena ni safi, nimezichambua mwenyewe.

Mama anakusalimu sana, na Baba mdogo Ogutu pia, japo yeye simwongeleshi. Mungu akutunze katika nyumba za watu, akurudishe na mgongo mzima. Shangazi Selpha anasema zamu yako bado, ukija likizo wembe unakungoja. Njoo na nywele zako mwenyewe.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Gentrix