Jina Lililokosekana kwa Mshauri

Mama,

Nisamehe, nimemtaja Njeru. Ulitukataza, na tangu tukuzike mwaka jana nimejitahidi. Lakini mjukuu wako Nyaga aling'oka jino, damu ikamtoka siku mbili, na hospitalini Embu wakanipeleka kwa mshauri wa magonjwa ya kurithi. Desemba anatakiwa kutahiriwa. Baba zake wadogo wameshachagua mbuzi. Silali, sikai, sijui nishike lipi niache lipi.

Mshauri ni msichana wa hapa kwetu Manyatta, mdogo kwangu. Akachora ukoo wetu kwa penseli, wanawake maduara, wanaume miraba. Akauliza ulizaa wangapi. Nikasema wanne. Akauliza tena, kwa upole. Wanne! Kuna mvulana aliyewahi kutokwa na damu sana? Hakuna. Nilikuwa nikiutazama mlango.

Kisha akayasoma majina. "Kaka yako mkubwa ni Ireri, hiyo ni jina ya baba ya mama yenu. Sasa ile ya baba ya baba iko wapi?"

Mama, nilinaswa. Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na huyu ni wa huku huku, hadanganyiki. Nikalia. Nikamweleza jinsi Njeru, kifungua mimba wako, alivyotahiriwa, damu ikakataa kukoma hadi akafa, na shangazi wakasema umeleta laana nyumbani.

Akachora mraba wa mtoto wa tano, akaukata kwa mstari wa marehemu. Halafu akasema ugonjwa huu wa damu kutoganda umepitia kwako, Mama. Niliinuka na mkoba wangu. Si ndivyo shangazi walivyosema?

"Keti kidogo, dada. Nimesema vibaya." Akatia nukta kwenye duara lako, kisha nukta kama hiyo kwenye langu. "Wewe ulichagua kubeba hii kitu?"

Nikasema sikuchagua.

"Basi hata yeye."

Nyaga atatahiriwa, ila hospitalini, dawa ya kugandisha damu ikiwa tayari. Baba zake wadogo watanitazama kama shangazi walivyokutazama wewe. Naogopa.

Lakini la kuniuma zaidi ni hili: hata mimi niliwaamini shangazi. Miaka yote nilikula chakula chako huku nikikushtaki moyoni.

Pumzika, Mama. Nakuahidi, Jumapili nitawaketisha wote, shangazi wakiwemo, niikunjue mezani karatasi aliyonichorea mshauri, na neno langu la kwanza litakuwa: Mama alizaa watano.

Binti yako