Makaa ya Mama Kulwa

Dada Mama Neema, shikamoo. Watoto hawajambo? Huku Ushirombo mvua haikatiki, na sabuni ni ya kutafuta kama huko.

Jana nilikuwa jikoni kwa mwenyeji wangu, Mama Kulwa, tunakula michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa maziwa mgando. Mwanamume mmoja akasimama mlangoni, kalowa chapachapa, akaomba makaa ya moto. Mama akaendelea kula. Nikainuka nimpe, Mama akanishika mkono: "Kaa, mwanangu." Yule akaondoka na mvua yake.

"Ndiye Kulwa wangu," akasema. Aliiba ng'ombe. Wazee wa kijiji wanashikilia kwamba mwizi haibi kwa njaa, huiba kwa kuwa anajua nyumbani atapokelewa. Basi amri ni moja: asipewe moto, maji wala salamu, hata na mama yake. Na kweli, ng'ombe siku hizi wanalala salama. Mama akayafukia makaa kwa majivu, taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka.

Dada, uliapa kwamba kaka Joji akitoka gerezani hatakanyaga kwako. Tafadhali, mwache aote moto kwanza.

Mdogo wako akupendaye,
Veronika