Aliyetumwa na Kinu

Mlabani, Ifakara
9 Agosti 1957

Kwa mkwe wangu mheshimiwa, Mzee Hilari,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako. Uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Mkono ulikuwa mzito. Tumefurahi kwamba Digna amejifungua salama kwenu. Kuku wake huku ni wazima.

Unauliza mbona mumewe, mwanangu Leodegar, haji kumwona mtoto. Tangu kinu cha mpunga kilipofungwa baada ya Pasaka, kila alfajiri huvaa nguo za kazi akaenda kusimama langoni hadi jioni. Nilimwambia, "Mwanangu, kazi imekwisha." Akajibu, "Baba, hata wewe unaniachisha kazi?" Tangu siku ile, nisamehe, mimi ndiye ninayemfungia chakula cha mchana.

Anasema hawezi kuja kwenu Lupiro bila ruhusa ya kazini. Basi nami, niliyelelewa na mapadre, nimemdanganya kwamba kinu kinamtuma kwako kuulizia mpunga. Tafadhali mpakatishe mtoto kwanza, na jibu la mpunga umcheleweshee kadiri utakavyoweza.

Ni mimi mkweo,
Theodori

Anayekuletea barua hii ni Leodegar mwenyewe.