Nguzo ya Nne

Woolwich, London
Jumapili, 16 Machi 1969

Dada yangu Mumbi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mume wangu Ramesh, ambaye ameketi hapa pembeni na sare yake ya kondakta wa basi, akinihimiza nikuulize kama mvua imefika Nakuru. Haya, nimeuliza. Mama anaendeleaje na lile goti? Na Priscilla, mdogo wako, masomo ya mwaka huu wa mwisho anayaonaje? Sisi hatujambo. Baridi imenizoea, ingawa mimi bado sijaizoea.

Barua yako ya kunidhamini ilifika Jumanne iliyopita. Nilikwisha kukueleza kwamba hapa cheti changu cha ualimu hakina kazi, na kwamba tangu tufike napakia biskuti kiwandani. Nafasi niliyoipata ni hii moja: shule za wasichana za mtaa huu zinatafuta waamuzi na makocha wa raunda, mchezo wetu ule ule wa kigongo na nguzo nne, na atakayefaulu ataajiriwa mwalimu wa michezo msimu ukianza mwezi wa Mei. Wanataka uhudhurie mafunzo ya sheria Jumamosi tatu, na ulete barua ya kocha aliyekuona ukichezesha. Ndiyo maana nilikusumbua.

Mafunzo yenyewe ungeyapenda. Tunakaa katika ukumbi wa shule, watu kama ishirini, kikombe cha chai mkononi, tukibishana kama mpira uliopita usawa wa goti ni mbovu au ni mzuri, na nani akague nguzo kabla ya mechi. Nilikukumbuka sana. Sisi tulikuwa na kitabu kimoja cha sheria, mchwa wamekila kuanzia ukurasa wa kumi, na yaliyobaki tukajitungia wenyewe.

Jumamosi ya kwanza mwenyekiti, Bi Harcourt, mama mrefu mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, alitusomea kwamba hakuna mchezaji kuingia uwanjani na bangili. Kocha mmoja akalalamika kwamba wasichana wa Kihindi waliokuja juzi kutoka Kenya wanakataa kuzivua, wakaidi kabisa. Nikanyoosha mkono. Nikaeleza kwamba wamevishwa wakiwa wadogo, mkono umekua, bangili haipiti tena. Kisha nikawaonyesha jinsi wewe ulivyokuwa ukiwafunga wasichana wangu kitambaa cha pamba, mizunguko mitatu, ncha ukaichomeka ndani. Bi Harcourt alinifunga mimi mwenyewe, akavuta, akagonga mezani, akasema hilo litaandikwa. Kwa hiyo, bibi wee, kitambaa chako sasa kimo katika kanuni za London.

Jana ilikuwa Jumamosi ya pili, na theluji ikaanguka. Bi Harcourt akasema tutafanya mazoezi humo humo ndani, bila mpira. Usicheke. Nguzo nne zilisimamishwa juu ya sakafu ya mbao, wanawake wazima wakarusha mpira usiokuwapo, wakaupiga, wakakimbia na soksi, na sisi waamuzi tukaufuata kwa macho. Ukumbi ulikuwa kimya, unasikia soksi tu zikiteleza. Nje ya madirisha theluji ilishuka polepole, bila haraka yoyote. Sijui niliondokaje pale. Nilisikia harufu ya vumbi la uwanja wetu likimwagiwa maji, nikaona mstari wa chokaa, nikaona ndege heroe kule ziwani, rangi ya waridi tupu, na yule mama wa sketi ya kijivu aliyekuwa akiijia nguzo ya nne akageuka Priscilla, kigongo mkononi, misuko yake ikiruka.

Filimbi ikalia. Bi Harcourt akaniuliza, ametoka au hakutoka? Wote wakanigeukia. Nikasema sikuona. Nilidhani nitachekwa, lakini aliwaambia wenzangu waliandike jibu hilo. Mwamuzi asiyeona humwuliza mwenzake, na mwenzake naye asipoona, mkimbiaji hatoki. Huku kila mechi ina waamuzi wawili. Nakuru nilikuwa peke yangu, lakini hicho si kisingizio.

Mumbi, sasa nikuambie. Ile fainali ya Februari mwaka jana, Ramesh alikuja akasimama nje ya ua, akavua kofia. Asubuhi tulikuwa tumepatana kwamba kibali chake cha kazi kikikataliwa atavua kofia, ili nisimwulize mbele za watu. Nilikuwa namtazama yeye. Nilipogeuka, mlinzi wa nguzo ya nne alikuwa ameigusa kwa mpira, Priscilla naye ameishika, na vumbi limetanda. Nani alitangulia, mpaka leo sijui. Nikainua mkono nikasema ametoka, kwa sababu niliona haya, mimi niliyesifiwa kwa macho. Priscilla akasema, Mwalimu, hukuwa ukiangalia. Na wewe ukamshika bega mdogo wako wa damu, ukamlazimisha anipe mkono na kuniomba radhi mbele ya timu zote mbili. Aliniomba, nami nikapokea. Timu ya mkoa ikachaguliwa bila yeye, na uliniandikia kwamba tangu siku ile hajagusa kigongo, wala hujui sababu. Sababu ni mimi. Naona aibu hata kuandika.

Katika barua yako umesema kwamba kwa miaka sita hukuwahi kuniona nikiamua nisichokiona. Inatakiwa ifike kwa Bi Harcourt kabla Aprili haijaisha. Sikuipeleka. Nimeitia humu humu ndani ya bahasha hii. Msomee Priscilla haya yote, usiruke hata mstari, kisha mpe yeye hiyo barua aishike. Akisema irudi kwangu, mnirudishie. Isiporudi, sitauliza, nitakuwa kiwandani kama kawaida. Safari hii mwamuzi ni yeye.

Mbusu mama na umpe pole ya goti. Ramesh anakusalimu, na kofia yake ameivaa.

Ni mimi mwenzako wa uwanjani,
Hansa